Kuganda si Kukauka

Jumatatu, 9 Juni

Mafunzo yameanza. Watu sita, meza mbili, feni moja mbovu. Mkufunzi katoka maabara kuu: mama mwembamba, miwani shingoni kwa kamba, na saa ya kuhesabia dakika inayolia kama kuku aliyekanyagwa. Anatufundisha kupima brusela, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe atupe mimba na mnywaji wa maziwa mabichi ashikwe na homa isiyomtoka.

Kipimo chenyewe ni mchezo wa mtoto. Tone la maji ya damu ya ng'ombe, yaani seramu, juu ya kigae cheupe. Tone la dawa ya rangi ya waridi kando yake. Changanya kwa kijiti. Tikisa kigae polepole dakika nne. Soma. Ikibaki laini, hasi. Ikiganda, yaani ikifanya vichembe vichembe, chanya. Dakika nne, akasisitiza. Si tatu, si tano.

Tatizo ni moja. Vichembe sivioni.

Naandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo. Alitupitishia vigae viwili, kimoja chanya, kingine hasi. Wenzangu wakasema aah! Na mimi nikasema aah! kuwazidi wote. Niliona madoa mawili ya waridi. Mapacha. Nikikisogeza kigae mbali na uso picha inaanza kuja, halafu mkono unaisha. Ningepewa sentimita kumi zaidi za mkono nisingekuwa na shida na mtu.

Miwani? Ng'o! Mzee wa Hadubini, jirani yangu mezani kwa miaka kumi na moja, alivaa miwani Jumatatu. Ijumaa ya wiki ileile alikuwa dirishani anapokea sampuli na kuuliza watu ng'ombe wao ana rangi gani. Hesabu haihitaji chuo: miwani moja, siku nne, dirishani.

Na Ijumaa hii ndiyo mtihani. Vichupa ishirini vya seramu, vyenye namba tu. Atakayepatia kumi na vinane ataruhusiwa kusaini majibu ya brusela. Asiyefika, Mkuu wa Maabara ametamka wazi mbele ya wote, ataenda kumsaidia Mzee wa Hadubini.

Niliingia jengo hili miaka kumi na tisa iliyopita kuosha chupa. Sikufundishwa na mtu. Nilisoma vitabu vya wenzangu walipokwenda kula. Mpaka leo wananiita Mzee Chupa. Sirudi nyuma hata hatua moja!

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa kwanza: mwanga. Nimefika saa kumi na mbili na dakika hamsini, nimekalia kiti cha dirishani. Shahada akaja saa mbili kasorobo, akakiangalia kile kiti kama mtu aliyenyang'anywa urithi. Shahada ni binti wa miaka ishirini na saba, tunamwita hivyo kwa sababu kila baada ya sentensi ya tatu hutaja shahada yake. Nimehesabu: wastani kamili ni sentensi tatu na nusu. Akaniambia, mzee wangu, jua litakuumiza. Nikamwambia jua na mimi tumetoka mbali.

Saa tatu jua likapiga meza. Vichembe bado sikuviona, ila niliona vidole vyangu vizuri sana. Mkufunzi akapita, akagusa kichupa changu cha dawa ya waridi, akaruka. Hivi, Baba, unapima au unachemsha? Dawa haikai juani! Nimehamishiwa kona ya friji, mahali penye giza kuliko pote. Kiti cha dirishani kapewa Shahada. Kanishukuru kwa kumpashia joto.

Mpango wa pili ukazaliwa palepale. Shahada akisoma kigae chanya, nyusi yake ya kushoto hupanda. Akisoma hasi, uso haujongei. Sote tunapima sampuli zilezile. Kwa hiyo kwa nini nihangaike na kigae? Nikasoma nyusi. Sampuli ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Tano kwa tano! Mkufunzi akatikisa kichwa kwa heshima. Nikaanza kupanga namna nitakavyosaini: herufi mbili za mwanzo, halafu mkia mrefu.

Ya sita nyusi ikapanda. Nikatangaza chanya kwa sauti. Kumbe Shahada alikuwa ameona ujumbe kwenye simu yake, na sampuli ya sita ilikuwa maji ya chumvi matupu, yaliyowekwa kututega. Mkufunzi akaniuliza maji ya chumvi yalitupa mimba lini. Wamecheka mpaka feni ikazunguka kidogo.

Kazi ya kesho: kila mtu alete sampuli ya ng'ombe anayemjua. Nimemwomba bwana mifugo akamtoe damu ng'ombe wa mama mkwe.

Jumatano, 11 Juni

Nimegundua jambo ambalo hawa wasomi hawakuligundua!

Kigae changu cha asubuhi nilikisahau juu ya meza. Niliporudi, dakika kumi na tano baadaye, vichembe vilikuwa vikubwa kama punje za mtama. Niliviona nikiwa nimesimama! Sasa fikiria: dakika nne, sioni. Dakika kumi na tano, naona hata nikiwa mlangoni. Kumbe shida haikuwa macho yangu. Shida ni haraka yao.

Basi wenzangu walipokwenda kunywa chai nikapima seramu ya ng'ombe wa mama mkwe kwa mwendo wangu. Nikasubiri dakika kumi na tano bila kupepesa. Punje za mtama. Chanya!

Sharti la Mkufunzi ni kwamba jibu halimfikii mwenye ng'ombe mpaka kipimo kirudiwe na mtu wa pili. Najua. Nimelinakili. Lakini mama mkwe alipiga simu mwenyewe, na katika miaka kumi na minane ya ndoa ndiyo mara ya kwanza kuniuliza kitu cha kazi yangu. Kwake yeye mimi ni yule aliyemwoa bintiye akinuka sabuni ya chupa. Nikakohoa. Nikamwambia, Mama, majibu yametoka, ng'ombe ni chanya.

Akapiga vigelegele.

Kudhani alidhani ng'ombe ana mimba, kwa kuwa dume alimpanda mwezi wa nne. Akawaita na majirani. Ikabidi nisubiri vigelegele vipungue ndipo nieleze kwamba chanya hii si ile chanya. Akauliza, sasa neno gani hilo zuri hivyo mnaliita ugonjwa? Nikasema ndiyo lugha ya kitaalamu. Akauliza afanyeje. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye saini, kwamba ng'ombe wa namna hiyo huondolewa.

Akasema taratibu: mkwe wangu, maziwa ya ukoo wa ng'ombe huyu yamewasomesha mke wako na ndugu zake wanne. Kisha akaniambia ahsante. Ile ahsante imenikaa kifuani kama mfupa.

Alhamisi, 12 Juni

Siku mbaya.

Asubuhi Mkufunzi alisimama mbele ya ubao akaandika maneno matatu: KUGANDA SI KUKAUKA. Kwa herufi kubwa, nimeyasoma bila taabu. Akaeleza kwamba ukiacha kigae zaidi ya dakika nne, tone huanza kukauka ukingoni, na dawa iliyokauka hujikusanya punje punje hata kwa ng'ombe mzima wa afya. Mpimaji mvivu huona punje zile akasema chanya. Na ng'ombe wa watu akachinjwa bure.

Nimeyanakili. Nimeyapigia mstari mara mbili. Shahada akaniuliza kwa nini kalamu yangu imetoboa karatasi.

Mchana nikarudia seramu ile kwa siri. Dakika nne kamili. Doa la waridi. Nikalisogeza mbali, nikalisogeza karibu, nikafumba jicho moja, nikafumba jingine. Doa la waridi. Linaweza kuwa lolote. Ningeweza kumwambia Shahada aangalie kidogo tu. Kwa kinywa changu hiki? Mimi niliyemwonyesha swichi ya mashine ya kuzungushia damu?

Nikapiga hesabu. Nikisema, wataniuliza nilisoma dakika ya ngapi. Nikijibu, wataniuliza kwa nini. Nikijibu na hilo, miwani. Nikivaa miwani, dirishani. Majibu manne tu kutoka kwenye ukweli mpaka dirishani! Nisiposema, huenda ng'ombe ni mgonjwa kweli, nami nimepatia. Nafasi ni nusu kwa nusu. Watu wamevuka mito kwa nafasi ndogo kuliko hiyo.

Saa tisa mke wangu akapiga simu. Mwenye bucha ameshakuja kumwangalia ng'ombe. Kamzunguka mara mbili, kampapasa mgongo, kasema atarudi Jumamosi asubuhi na gari. Mama haongei, akasema. Anamwaga maziwa chini kila akikamua. Anakamua, anamwaga. Halafu mke wangu akauliza: Baba Watoto, una uhakika? Nikamwambia sayansi haina uhakika, ina taratibu. Hata mimi sikujielewa.

Nilikuwa narudisha simu mfukoni nilipoliona: daftari la Mkufunzi, wazi, juu ya meza yake. Yeye yuko nje anabishana na fundi wa feni. Juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, KESHO, CHANYA. Chini yake orodha ya namba saba, kwa mwandiko mdogo kama wa sisimizi.

Sikuliiba. Nilipita tu, na macho hayana pazia. Nililiinua, nikanyoosha mkono wote, nikarudi nyuma hatua moja na mkono wangu, jambo ambalo halikusaidia. Nikazikamata hata hivyo: 7, 8, 6, 9, 17, 18, 16. Hazikupangwa vizuri. Bila shaka hila ya kumchanganya mwizi. Mjanja, mama yule, lakini kakutana na mtu wa hesabu.

Saba chanya, kumi na tatu hasi. Kesho nikipata ishirini kwa ishirini watashtuka. Nitakosea kimoja kwa makusudi.

Hapana. Sitakosea. Shahada asije akanizidi.

Ijumaa, 13 Juni

Mtihani. Karatasi yangu ndani ya soksi, namba kubwa kama za milangoni. Nikatikisa vigae kwa madaha, nikavisoma huku nikiguna kama daktari bingwa. Nimemaliza wa kwanza, dakika ishirini na sita kabla ya Shahada. Nikamtazama kwa huruma.

Majibu yakasomwa mchana. Shahada, kumi na tisa. Wengine watatu, kumi na nane. Mmoja, kumi na saba, akalia. Mzee Chupa, kumi.

Kumi! Nikasema kuna hitilafu. Mkufunzi akaniita pembeni, kwenye chumba cha friji, akafunga mlango. Akasema: Baba, ukirusha sarafu mara ishirini unapata kumi. Sarafu haijapitia mafunzo yangu.

Kisha akaweka karatasi yangu kando ya daftari lake. Chanya za kweli zilikuwa 1, 3, 5, 9, 11, 13, 16. Hazina hila, zimepangwa vizuri kabisa kama watoto wa shule mstarini. Akapitisha kidole. Palipo na moja, umeandika saba. Palipo na tatu, nane. Palipo na tano, sita. Penye kumi na moja, kumi na saba. Makosa yako yanafanana na tarakimu, akasema. Hayafanani na ng'ombe hata kidogo. Ningekufukuza kwa kuchungulia. Lakini mtu anayechungulia na bado akakosa, huyo kwanza apelekwe kwa daktari wa macho.

Simu ikalia mfukoni. Mke wangu: mwenye bucha ameomba kuja leo badala ya kesho, Mama amekubali, anataka liishe.

Sijui nini kilinipata. Nikamwambia Mkufunzi kila kitu. Karibu kila kitu. Nilisema feni ndiyo iliyokausha tone. Akanikumbusha kwamba feni ni mbovu.

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Uso ulimbadilika tu, akatoa seramu kwenye friji, akaiacha iishe baridi yake nusu saa, nusu saa ndefu kuliko mwaka niliooa. Akaitia tone. Dawa. Kijiti. Akanipa mimi kigae nitikise, naye akasimama na saa yake mkononi. Kuku akalia. Akasoma. Akamwita Shahada bila kumwambia kitu, akasoma yeye pia kwenye kigae cha pili. Nyusi haikupanda.

Hasi. Laini kama krimu ya uso, akasema Shahada. Ng'ombe wa nani?

Mkufunzi akampigia mama mkwe mwenyewe. Nilisikia upande mmoja tu: ndiyo Mama, mzima Mama, hapana Mama, si ng'ombe, ni mkwe wako ndiye mgonjwa. Wa macho, Mama. Gari la mwenye bucha lilikuwa limeshafika kwenye njia ya nyumba.

Jumamosi, 14 Juni

Tumeenda kwa mama mkwe kuomba radhi. Ng'ombe alikuwa uani anatafuna, akanitazama kwa muda mrefu. Mama mkwe akanikaribisha kwa adabu zote, jambo linaloumiza kuliko matusi. Akanipa glasi ya maziwa yaliyochemshwa. Akasema, kunywa, mkwe wangu, ni chanya. Mashemeji walianguka chini kwa kicheko.

Kisha akasema bila kucheka: siku mbili nimemwaga maziwa huku nikimwomba msamaha mnyama huyu. Ungeniambia hujui, ningesubiri. Neno moja tu, sijui.

Nikainamisha kichwa. Nilitaka kumwambia kwamba neno hilo kazini kwetu lina gharama yake, ila hapakuwa mahali pake.

Njiani mke wangu akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia sina maradhi, nina mikono mifupi. Akasimama katikati ya barabara. Baba Watoto, wiki iliyopita ulimwamkia shikamoo mti wa umeme! Nikasema ilikuwa jioni. Akasema mchana.

Tukakutana na Mzee wa Hadubini anatoka sokoni, miwani puani, anasoma maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi kwa raha zake. Mke wangu, ambaye hana siri, akamuuliza kama miwani ndiyo iliyompeleka dirishani. Akashangaa. Kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyeomba! Magoti, akasema. Hadubini ilikuwa ghorofani, na ngazi ni thelathini na nane. Macho? Tangu avae anaona mpaka unywele kwenye uji.

Mke wangu akanigeukia, mikono kiunoni.

Sikubabaika. Ngazi ni thelathini na sita. Mtu anayekosea ngazi atakosea na sababu. Na wakubwa wakishakuhamisha, hukufundisha na cha kusema.

Jumatatu, 16 Juni

Nafuu! Mkufunzi amenitetea kwa Mkuu wa Maabara. Kasema mkono wangu unatia tone sawasawa kuliko wote, mikrolita thelathini bila kupungua wala kuzidi, na kwamba mtu aliyekiri kabla ng'ombe hajapandishwa garini hajaoza. Nitarudia mtihani Jumatano. Vichupa vipya, daftari lake litakuwa mkobani. Sharti moja: nilete barua ya kliniki ya macho. Wakiniandikia miwani, nije nimeivaa. Na akanihakikishia kwa kiapo kwamba hakuna atakayepelekwa dirishani kwa ajili ya miwani.

Kiapo! Mtu mwenye miwani yake shingoni ananiapia kwamba miwani haina madhara. Muuza mbwa hasemi anauma.

Nimefika kliniki saa tano, nikasema kwa mapokezi nitaona daktari kesho, leo napumzika tu. Benchi liko kando ya mlango, na mlango ni wa mbao nyembamba. Ndani mpimaji anamwambia mgonjwa soma, mgonjwa anasoma kwa sauti. Bango la ukutani, mistari minane. Kila mgonjwa, bango lilelile! Na baada ya bango, kadi ndogo ya kusomea, habari ya mkulima na shamba lake, aya nne.

Wagonjwa kumi na wanne wamepita. Wanane walisoma mpaka mstari wa sita, mmoja tu alimaliza wa nane: mama mmoja fundi wa cherehani, Mungu ambariki, ana sauti safi. Nilikuwa nimeshika mistari yote kufikia mgonjwa wa tisa. Aya za mkulima zilinichukua mpaka wa kumi na tatu. Kichwa hiki kilikariri vitabu vizima bila kuviazima!

Jumanne, 17 Juni

USHINDI!

Nilisoma bango lote kutoka juu mpaka chini. Mpimaji akasema subiri, Baba, bado sijawasha taa yake. Nikamwambia basi washa, nisome tena. Nikasoma tena. Kadi ya mkulima niliishika kwa mkono mmoja, karibu kabisa, nikaitiririsha, nikaweka na huzuni kidogo mahali mvua inapokosekana. Alikuja kuigeuza kadi katikati ya aya ya pili, kumbe nilikuwa nimeishika kichwa chini. Nikamwambia ndiyo mazoea yetu watu wa maabara.

Aliniuliza umri. Hamsini na mbili. Akapuliza mluzi, akasema hajawahi kuona, akanifungia barua kwa muhuri. Pale nje nilimwomba mlinzi anisomee, maana wameiandika kwa maandishi madogo ya ajabu. Inasema: macho ni mazuri kupita umri wake, hahitaji miwani.

Nimempelekea Mkufunzi mkononi. Akaisoma mara mbili. Akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaisoma ya tatu. Akasema basi, Baba, mimi sina la kuongeza, tuonane kesho saa mbili. Mkuu wa Maabara alipita akanipa mkono. Hata Shahada kasema hongera, mzee wangu. Nimemwambia mke wangu aipigie barua fremu. Hajanijibu, yuko kwenye simu na mama yake muda mrefu sasa.

Miaka kumi na tisa, na leo nina karatasi ya serikali, yenye muhuri, inayothibitisha kwamba naona. Hakuna atakayenigusa tena. Kesho ni vichupa ishirini tu.

Kimebaki kitu kidogo: kuona.